Gaidi wa Shimo la Ndizi

14 Septemba

Mvua ya kwanza imeshuka mchana, ya mawe, na darasa la sita zima limenikimbia kwenda kuokota barafu uwanjani. Nimewaacha. Somo lilikuwa faida za vyama vingi vya siasa, na mimi mwenyewe sikuwa na hamu nalo.

Diwani wetu alifariki Julai, sasa tumetangaziwa uchaguzi mdogo Novemba. Tangu jana hakuna mazungumzo mengine kijijini. Chama cha Ngao kina mabango, Chama cha Ufunguo kina spika. Mume wangu Audax, aliyekuwa na kadi ya Ngao tangu tulipooana, amehamia Ufunguo na amepewa kuongoza kampeni hapa kijijini. Mdogo wangu Wiston ndiye katibu wa Ngao wa kata. Kwa hiyo mimi Theodosia, mwalimu wa shule ya msingi, nalala kitanda kimoja na upinzani, na nilinyonya ziwa moja na chama tawala. Mungu anipe subira, maana kichwa changu huchemka upesi.

21 Septemba

Tumepanda maharage shamba la bondeni. Wiston alikuja kutusaidia akiwa na shati lake la Ngao, Audax akavaa makusudi la Ufunguo. Wametaniana mpaka jua likazama.

"Shemeji, mkishindwa utarudi kwetu kwa magoti," Wiston akamwambia.

"Mguu huu haupigi magoti tangu nilipoanguka kwenye mparachichi. Labda mniletee kiti."

Wamecheka hadi wakaegemeana. Naandika hili kwa sababu limenifurahisha.

30 Septemba

Mvua. Choo cha shule kimetitia.

6 Oktoba

Wamechoma ofisi ya Ngao.

Ni chumba kimoja tu cha matofali karibu na gulio. Mlinzi wake ni Bulugu, Msukuma kutoka Biharamulo aliyeoa kwetu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Kwa sababu ya mvua alikuwa amelala ndani. Watu wakamwaga petroli mlangoni karibu na alfajiri, wakawasha. Bulugu alitoka akiwaka, akakimbilia nyumbani. Tulisikia kilio cha mkewe, Speciose, tukakimbia. Audax, na mguu wake ule, ndiye aliyevua koti akamfunika, akashika upande wa kichwa tulipombeba hadi kwenye gari la mkaa lililokuwa likienda mjini. Nguo zangu zinanuka bado. Nimezifua mara mbili.

Wiston alifika akalia kama mtoto. Alimkumbatia Audax pale penye majivu, akasema, "Shemeji, hawa ni watu gani?" Hakuna aliyetaja chama. Hiyo ilikuwa asubuhi. Mchana viongozi wa Ngao wakaja kutoka mjini na magari mawili, wakapiga picha ukuta ulioungua, wakazungumza na simu zao. Kufikia jioni moto ulikuwa umeshapata jina: ugaidi.

Sikatai jina. Mtu aliyemwasha binadamu ili wengine waogope kupiga kura, mwiteni mnavyotaka. Nilichokiona ni kwamba baada ya neno lile kutamkwa hakuna aliyeuliza tena nani alikuwa na petroli.

7 Oktoba

Ufunguo nao hawakulala. Danstan, katibu wao wa wilaya, kapita na spika asubuhi akisema Ngao wamejichomea wenyewe wapate kuonewa huruma. Jina la Bulugu halikutajwa na spika wala na redio.

9 Oktoba

Nina hasira lakini nitaandika yote.

Watu wa kwetu tukitaka rubisi, pombe yetu ya ndizi, hatungoji ndizi ziive mgombani. Tunachimba shimo, tunalitandika majani makavu, tunapanga ndizi mbichi, tunafukia kwa majani na udongo. Pembeni tunawasha moto na kuingiza moshi humo kwa bomba. Urwina, ndivyo tunavyoliita shimo hilo, na lina sheria moja ambayo hata mtoto anaijua: halifunguliwi kabla ya siku yake. Ukilifungua joto linatoka, ndizi nusu zinabaki ngumu, nusu zinaoza, na pombe huipati. Audax alikuwa ametia ndizi za sherehe ya kipaimara cha mtoto wa dada yake. Shimo lilikuwa la juzi.

Saa tatu wamekuja askari. Mkubwa wao ni kijana aliyehamishiwa huku hivi karibuni, kwa lafudhi yake ni mtu wa Pwani. Walisema wanapekua nyumba za viongozi wote wa Ufunguo. Sawa, pekueni. Wakapekua vitanda, wakapekua stoo, wakatoka nyuma kwenye migomba. Afande akaona udongo mbichi, bomba la chuma, moshi unafuka, na madumu matano ya njano yamepangwa pembeni.

"Hili handaki la nini?"

"Si handaki, afande. Ni ndizi," Audax akasema.

"Fungua."

"Haiwezekani leo. Njoo keshokutwa."

Yesu na Maria! Nikamvuta mume wangu shati. "Baba Irakoze, fungua. Ndizi tutatafuta nyingine."

"Zitaharibika, Theodosia. Watu wa kipaimara watakunywa nini?"

Akapanda juu ya shimo, akatanua mikono. Mume wangu hajawahi kumzuia mtu kitu maishani mwake. Mbuzi wa jirani wanakula migomba yake anawaambia pole. Siku aliyoichagua kuwa mwamba ni hiyo ya leo.

Wiston alikuwa hapo hapo, kaja na askari kama katibu wa chama kilichochomewa. Shimo hilo alilichimba yeye na Audax miaka iliyopita. Moshi wake keshaupuliza mpaka macho yakavimba. Rubisi yake ameinywa kuliko mtu yeyote kata nzima. Afande akamgeukia. "Katibu, wewe mwenyeji. Hii ni nini?"

Wiston akaangalia viatu vyake. "Kila mtu ana mambo yake, afande. Mimi sijui huyu anafanya nini kwake."

Wakamtia Audax pingu, wakafukua. Zikatoka ndizi. Nilidhani basi, wataona haya, watatuomba radhi. Afande akaokota moja, akainusa, akaitupa. Akasema mtu asiye na la kuficha hazuii upekuzi. Wakachukua bomba, wakachukua madumu, wakamchukua na Audax. Askari wawili waliopanda nyuma ya gari walikuwa wanakula zile zilizowahi kuiva.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeusema msemo huu darasani mara ngapi sijui, leo ndiyo nimeuelewa.

11 Oktoba

Redio imesema "handaki lenye mitambo ya moshi." Mitambo! Bomba la baba mkwe.

13 Oktoba

Amesomewa shtaka mjini. Shtaka la ugaidi halina dhamana. Mahakama ile haina uwezo wa kulisikiliza, hivyo hakuruhusiwa kujibu lolote, kesi itakuwa inatajwa tu. Upelelezi haujakamilika, amesema mwendesha mashtaka, akafunga jalada.

Nilimwona kidogo kabla hawajampakia. Unajua aliniuliza nini? "Zilikuwaje zile ndizi?" Nilitaka kumzaba kofi, nikalia badala yake.

19 Oktoba

Danstan amekuja nyumbani na fulana, kifuani picha ya mume wangu na maandishi MFUNGWA WA HAKI. Kaketi kwenye kiti cha Audax, miguu mbele.

"Mwalimu, mumeo ni shujaa wetu."

"Wakili wa shujaa yuko wapi?"

"Anakuja, anakuja. Lakini tusiharakishe mambo. Wananchi wana hasira sasa hivi. Tuifikishe hasira hiyo kwenye sanduku la kura kwanza."

Nikamwomba anyanyuke kwenye kile kiti. Hakuelewa, nikamwomba tena kwa sauti ya darasani. Kaacha fulana mbili. Nimezifanya matambara ya kudekia.

24 Oktoba

Agness wa darasa la sita ameuliza gaidi ni mtu wa namna gani. Nikajibu: ni mtu anayeumiza watu ili wengine waogope na yeye apate anachokitaka. "Kama waliomchoma baba Bulugu?" Ndiyo. "Na baba Irakoze?" Hapana. "Sasa mbona yeye ndiye yuko ndani?" Mchana mwalimu mkuu kaniita ofisini, kanionya nisichanganye siasa na masomo. Somo lenyewe linaitwa Uraia!

27 Oktoba

Upelelezi haujakamilika. Barabara ya Murusagamba imekatika kwa mvua, nimerudi kwa miguu sehemu kubwa. Maharage yametoa maua.

2 Novemba

Nimekwenda Biharamulo kumwona Bulugu. Alihamishiwa hospitali ya huko kwa sababu ndugu zake wako karibu wapate kumpikia. Nimekuta Speciose ameketi sakafuni, amekonda, anampepea kwa kipande cha boksi.

"Karibu Mwarimu," akaniambia. Miaka yote nasahihisha r na l za kijiji hiki, leo nimeisikia r ile nikatamani kumkumbatia.

Niliogopa kuingia. Mume wangu ndiye anayesemwa kuwa amemfanya hivi. Bulugu akanyoosha mkono wa upande uliopona.

"Mwalimu, kaa. Audax wamemwachia?"

"Bado."

"Mimi nyuso sikuziona, walijifunga vitambaa. Walikuwa wawili. Lakini walikimbia, Mwalimu. Waliruka ule mtaro wa gulio mpaka kwenye pikipiki. Audax ataruka mtaro upi na mguu ule?"

"Umewaambia askari?"

"Alikuja yule afande kijana, nikamwambia. Akasema nipumzike, nisijichoshe."

Hakuandika. Speciose kasema hata kalamu hakuitoa.

Ngao walikuja wakapiga picha na mgonjwa. Wiki iliyofuata Ufunguo wakaja, nao wakapiga picha na mgonjwa huyohuyo. Dawa ya kupaka Speciose kainunua kwa kuuza mbuzi wake. Nimekaa nao mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Njia nzima ya kurudi nilikuwa naongea peke yangu, abiria mwenzangu akahama kiti.

Watu wawili wanajua walichofanya. Wanakula, wanalala, labda wanaimba kwenye kampeni. Hawatafutwi, kwa sababu Ngao wameshapata gaidi wao na Ufunguo wameshapata shujaa wao, na bahati mbaya yangu ni mtu mmoja.

8 Novemba

Usiku wa kuamkia leo migomba ya Wiston imekatwa yote, shamba zima, hata vile vichipukizi. Hapa kwetu kumkatia mtu migomba ni kumwambia ahame duniani.

Nimekwenda. Hata kama nimemkasirikia, nimekwenda. Mkewe Scolastica alikuwa anaokota mikungu michanga isiyofaa kitu, anaipanga ukutani. Nikainama tukaokota pamoja. Wiston alikuwa kaketi juu ya kisiki, hajanawa. Aliniamkia, "Shikamoo dada." Sikuitika. Halafu nikaitika, maana alikuwa anatetemeka.

Jioni Danstan kasema kwenye spika kwamba hizo ni hasira za wananchi walionyanyaswa. Nimetoka mpaka barabarani kumsikia vizuri. Wakichoma wao ni ugaidi, tukikata sisi ni hasira. Wakikata wao kesho tutasema ugaidi, nao watasema hasira. Kila chama kina neno zuri kwa mhalifu wake. Nimepiga kelele hivyo hivyo barabarani na kanga begani. Mtu wa bodaboda alipunguza mwendo kunisikiliza, akaondoka.

10 Novemba

Upelelezi haujakamilika.

22 Novemba

Siku ya kura. Foleni fupi, askari wengi. Wanawake wengi hawakutoka kabisa. Nimewauliza, wamesema walimwona Bulugu akipita mbio na moto mgongoni, na hawataki tena habari za sanduku. Kwa hiyo waliowasha kiberiti wameshashinda, chama chochote wawe nacho.

Ngao imetangazwa mshindi saa mbili usiku. Danstan kasema wameibiwa, kapanda gari karudi mjini. Wakili hajaonekana mpaka leo.

24 Novemba

Upelelezi haujakamilika. Audax amepungua, anakohoa. Leo hakuuliza habari za ndizi.

27 Novemba

Wiston amekuja peke yake, bila shati la chama. Kasimama mlangoni kama mgeni.

"Dada, lipo jambo. Shemeji anaweza kutoka."

Nikamwacha aseme. Upande wa mashtaka utasema hauna nia ya kuendelea na shauri. Siku hiyohiyo Audax ataletwa kwenye mkutano wa shukrani wa diwani mpya, arudishe kadi ya Ufunguo, apokee ya Ngao, na aseme machache.

"Machache gani?"

"Kwamba walimpotosha, wakafanya lile jambo, anaomba radhi. Hakuna haja ya kutaja moto, dada. Aseme tu 'lile jambo.'"

"Asipotaka?"

"Atakaa. Na hata akitoka kesi inaweza kufunguliwa tena wakati wowote. Wewe unajua."

Nikamuuliza kwa nini siku ile hakusema zile ni ndizi. Neno moja tu, Wiston. Ndizi.

"Neno lilikuwa limeshashuka kutoka mjini. Nikafikiri watamwachia kesho yake." Akafuta uso. "Na mimi nina watoto, dada."

Nilikuwa namwona shetani tangu Oktoba. Leo nimeona mwoga, na hilo limeniudhi zaidi, kwa sababu shetani angalau ungemwogopa.

30 Novemba

Nimempelekea Audax maneno hayo gerezani. Alisikiliza akiwa ameshika waya wa kutenganisha.

"Wewe unasemaje, Mwalimu?" Huniita hivyo anapotaka nifikiri.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia asikubali. Nilikuwa na hotuba nzima. Akakohoa, akageuza uso nisimwone akikohoa, na hotuba ikaniishia.

"Sema," nikamwambia. "Sema wanachotaka, urudi nyumbani."

4 Desemba

Wamemtoa asubuhi, wakampandisha gari la chama moja kwa moja mpaka uwanja wa gulio. Muziki, watoto, nyama inachomwa. Wamemvika shati la Ngao juu ya shati lake chafu. Wakubwa waliosema kwenye redio kwamba ni tishio kwa taifa wamemshika mkono, mmoja kamwita mzalendo aliyepotea njia. Nilikuwa mbele kabisa. Hivi ugaidi ni ugonjwa gani unaopona kwa kubadilisha shati?

Akasema. Sauti ilikuwa ndogo, wakamsogezea kipaza sauti. "Walitupotosha, tukalifanya lile jambo. Naomba radhi." Watu walikuwa wananyoosha simu juu kumrekodi. Makofi machache. Wanawake wa kwetu waliokuwa karibu nami walisogea, wakaacha nafasi.

Maji yakimwagika hayazoleki.

8 Desemba

Tumeanza kung'oa maharage. Amepona kikohozi kidogo. Amekwenda kilabuni jana akarudi mapema, kasema hakukuwa na nafasi kwenye benchi.

12 Desemba

Bulugu amefariki Biharamulo. Kidonda kilioza ndani.

14 Desemba

Tumemzika leo hapa kijijini, kwenye kiwanja chake. Naandika jioni hii, sijala.

Kwetu jirani hasubiri kuitwa kuchimba kaburi. Anachukua jembe, anaingia zamu. Audax alichukua lake tangu asubuhi, akaenda penye shimo. Wanaume watatu walikuwa ndani. Walipomwona wakapanda juu, wakalaza majembe chini, wakaenda kusimama kwenye migomba. Hakuna aliyemtukana. Waliacha tu kuchimba. Audax akabaki pale peke yake, kaburi halijafika magotini, watu wote wanamtazama. Nimemwona mume wangu akiwa na pingu, na akiwa nyuma ya waya. Sijamwona akiwa hivi.

Ndipo Wiston akashika kipaza sauti kutoa salamu za chama. Kasema Ngao imempoteza kijana mwaminifu. Kasema ugaidi hauna nafasi katika kata yetu. Danstan naye alikuwepo na fulana zake, anasubiri zamu ya salamu za Ufunguo.

Nikasimama.

"Wiston, nipe hicho kipaza sauti."

"Dada, kaa. Huu ni msiba."

Sihitaji kipaza sauti. Nimefundisha madarasa ya watoto sabini chini ya bati linalopigwa na mvua.

"Mume wangu hakumchoma Bulugu," nikasema. "Alisema vile ili atolewe. Aliyeleta maneno yale nyumbani kwangu ni huyu, mdogo wangu, tumbo moja. Na aliyemwambia Audax ayaseme ni mimi mke wake. Mkitaka kuacha majembe, yaacheni kwa ajili yetu sisi wawili."

Watu wa Danstan wakaanza kupiga makofi. Nikawageukia.

"Nanyi nyamazeni! Mlimvaa kifuani, wakili hamkumletea. Mlikata migomba ya mtu mkaita hasira. Bulugu mwenyewe aliniambia walikuwa wawili, walikimbia, waliruka mtaro. Aliwaambia na askari. Chama gani kimewatafuta hao wawili? Mmoja anisimamie hapa aseme chama chake kilimuuliza hata mtu mmoja."

Hakuna aliyesimama. Nilikuwa nimefungua kesi upya kwa mdomo wangu mwenyewe mbele ya kijiji kizima, na nilijua.

Sauti ikatoka ndani ya nyumba, kwenye mkeka wa mjane.

"Mpeni Audax jembe. Siku ire arimbeba mume wangu, mwacheni amarize. Na huyo azime chombo chake, tunazika mtu."

Audax akashuka shimoni, mguu mbovu kwanza. Alichimba peke yake kwa muda. Halafu mmoja wa wale watatu akarudi, kisha wa pili. Wiston alibaki na kipaza sauti kilichozimwa mpaka Scolastica alipokwenda kumtoa mkononi.

15 Desemba

Scolastica kapita kwa siri. Wiston kamtuma aseme gari la askari litakuja, Audax avuke Burundi kwa shangazi yake. Audax kakataa. Kasema maharage hayajapurwa, na kwamba safari hii hatakubali jambo asilolifanya, hata wamwambie ni la kuiba sindano. Sikumbishia. Nimelia nikiwa jikoni, nikaosha uso, nikapika.

17 Desemba

Gari limekuja asubuhi tukiwa tunapura. Afande yuleyule. Kasema Audax anahitajika, sasa ni ugaidi na mauaji, na maneno yake mwenyewe yako kwenye simu za watu. Audax akaweka fimbo chini, akanawa mikono. Mimi nikaingia ndani kuchukua shuka na sabuni, maana sasa najua wanachoruhusu.

Nilipotoka Speciose alikuwa amesimama mbele ya gari. Mjane kwetu hatoki kwake kabla ya kuondoa matanga, hata nyumba ikivuja. Alikuwa peku, kitambaa cha msiba kichwani.

"Mwanangu," akamwambia afande, "marehemu ni wa nani?"

"Shikamoo mama. Ni wako. Pole sana."

"Marahaba. Nirikuja kwako kumshtaki huyu?"

"Hapana mama, lakini Jamhuri..."

"Jamhuri haikumuuguza. Nirimuuguza mimi. Arikuambia wawiri warikimbia, ukamwambia arare. Sasa amerara. Nitakuambia mimi, kira neno, na wewe uandike hapa hapa. Ukimariza kuandika ndipo useme unamchukua nani."

Akaketi chini kwenye matope, mgongo ukiegemea gurudumu la mbele. Watu walikuwa wameshaanza kufika kutoka mashambani, wenye mashati ya Ngao na wenye ya Ufunguo, na wengi wasio na shati lolote la chama. Dereva akazima injini.

Afande akachuchumaa mbele ya Speciose. Akajipapasa mfuko wa kifuani, akajipapasa wa suruali. Hakuwa na kalamu.

Nikampa yangu. Ndiyo maana haya nayaandika kwa penseli.